Simu, meza, ukuta au kikao: mchoraji wa ridhaa wa Mtwara na Lindi aoneshe wapi kazi zake?

Huku kusini wapo wachoraji wengi ambao sanaa siyo inayowapa ugali. Mwalimu wa shule ya msingi Newala anachora usiku watoto wakishalala. Fundi rangi wa Magomeni, Mtwara, ambaye mabango ya saluni mtaa mzima ni mkono wake, nyumbani ana picha za bahari ambazo hajamwonesha mtu. Mama wa Lindi anatia batiki uani. Mwanafunzi wa chuo ana daftari lililojaa sura za wenzake. Wote hawa ipo siku hufika pale pale: kazi zimejaa chumbani na inabidi zitoke. Zitokee wapi?

Dar es Salaam kuna soko la vinyago la Mwenge, na wachongaji wake wengi asili yao ni huku huku kwetu. Sisi tuliobaki hatuna soko la namna hiyo. Tulizo nazo ni njia nne, na karibu kila msanii anayeniuliza huwa amekwama kati ya mbili kati ya hizo. Ya kwanza ni simu: unapiga picha kazi yako na kuirusha WhatsApp, Facebook au Instagram. Ya pili ni meza, yaani kupata nafasi kwenye maonesho au tamasha. Ya tatu ni ukuta wa mtu mwingine: hoteli, mgahawa, saluni, ofisi. Ya nne ni kikao, wachoraji wachache wanaokutana na kuoneshana kazi, na hii watu wengi hawaihesabu kabisa.

Nitazilinganisha kwa maswali matano. Itakugharimu kiasi gani kabla hujaingiza hata shilingi? Nani hasa ataiona kazi? Utaambiwa nini cha kukusaidia? Utauza? Na kazi yenyewe itarudi nyumbani ikiwa nzima? Umaarufu sikuuweka. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoweza kukuahidi huo, na anayekuahidi ana kitu anakuuzia.

Gharama

Simu huonekana ya bure. Bando si kitu kikubwa, ni kweli. Gharama yake ni saa zako na picha mbaya. Wengi huchora wiki nzima kisha hupiga picha kwa sekunde tano, usiku, chini ya taa ya njano, na flashi ikiwaka katikati ya rangi ya mafuta kama jicho la paka. Itoe kazi nje asubuhi kabla jua halijakolea, au mchana uiegemeze kwenye kivuli cha ukuta. Zima flashi. Simama nayo sambamba, usiipige kwa kuinama, maana pembe zake zitapinda. Kisha futa kioo cha kamera. Simu zetu hushinda mifukoni na jasho, na kioo chenye mafuta huifanya bahari yako ya buluu ionekane imeingiwa na moshi.

Meza ndiyo ghali kuliko zote. Kuna ada ya nafasi, nauli, mizigo, kula, na pengine kulala. Maonesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, na kilele chake ni tarehe 8 Agosti. Anayetoka Masasi au Nanyumbu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Lakini ipo njia ya kupunguza mzigo huo. Halmashauri huwa na mabanda yao na huchukua wajasiriamali wa kuyajaza, na mara nyingi hujaa sabuni, mvinyo wa rozela na korosho za kukaanga, huku banda lenyewe likiwa na kuta tupu. Nenda kwa afisa utamaduni au afisa maendeleo ya jamii miezi miwili au mitatu kabla, ukiwa na picha za kazi zako. Ukienda wiki ya mwisho utaambiwa orodha imeshapelekwa, na watakuwa wanasema kweli. Uliza pia kama kuna kivuli, kama meza ipo au unakuja na yako, na usiku nani analinda.

Ukuta unataka fremu, na mara nyingi fremu hula pesa kuliko rangi. Zungumza na seremala wa mtaani kuhusu vipande vilivyobaki kwenye madirisha na vitanda. Vingi huishia kuwa kuni.

Kikao kinagharimu chai na mihogo. Na aibu, ambayo kwa wengine ni ghali kuliko nauli ya Ngongo.

Nani ataiona

Hapa simu ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Watu husema "dunia nzima itaona". Stetasi ya WhatsApp huonwa na walioweka namba yako: shangazi, mwenye nyumba, wazazi wa wanafunzi wako, na yule fundi wa pikipiki. Baada ya saa 24 imeondoka. Ni watu wazuri, ila ni wale wale. Facebook bado ina watu wazima wengi wa Masasi, Nachingwea na Lindi, na ina faida moja ambayo sisi wa kusini tusiipuuze: ndugu zetu waliohamia Dar wanaikumbuka nyumbani. Picha ya kivuko cha Msanga Mkuu au ya mkorosho uliozaa mashambani kwa babu huwagusa kuliko inavyomgusa aliye Mtwara, ambaye mkorosho anauona kila asubuhi. Instagram ina vijana na wenye biashara zaidi, na inakutaka uendelee kulisha ukurasa. Ukinyamaza miezi mitatu umesahaulika.

Meza inakuletea watu usiowajua kabisa, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye kazi zake zimetazamwa na familia tu. Pale Ngongo watapita wakulima, wanafunzi waliopangwa mistari, maofisa na wazee waliokuja kutazama mbegu. Hawakuja kwa ajili ya picha. Wewe ni nyongeza, na ukilijua hilo mapema hutavunjika moyo. Kwenye tamasha la utamaduni mambo ni tofauti kidogo. Tamasha la MaKuya la Mtwara, ambalo jina lake limeunganisha Makonde, Makua na Yao, ni la ngoma na muziki wa asili kwanza. Anayekuja pale amekuja kutazama sanaa, ila amekuja kutazama sanaa inayocheza.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo wengi wetu tunapokosea kuhusu meza. Sanaa ya huku haikuwahi kuwa kitu cha kutundika na kukitazama kimya. Lipiko la Kimakonde, yaani kinyago cha kuvaliwa ngomani, huchongwa, huvaliwa, huchezwa mbele ya umati unaopiga vigelegele, kisha hufichwa. Watu wetu wana macho makali ya sanaa, lakini wamezoea kuitazama wakiwa wamesimama, wanaongea, na inasogea. Ndiyo maana mchoraji aliyekaa nyuma ya meza na picha sita zilizopangwa vizuri hupitwa, na jirani yake anayechora pale pale huwa amezungukwa. Ukienda tamashani, nenda na kazi ambayo haijakwisha. Chora mzee aliyesimama mbele yako kwa mkaa, dakika kumi. Watu hukusanyika kwenye mkono unaofanya kazi.

Ukuta huonwa na wachache, lakini mara nyingi. Mteja wa saluni anayesukwa saa mbili hana pa kuangalia ila kioo na picha yako. Hoteli za Shangani, Mtwara, hupokea wageni wa kazi: watu wa bandari, wa mtambo wa gesi wa Madimba, wa kiwanda cha saruji cha Dangote, na watu wa semina wasioisha. Hao hula kifungua kinywa mbele ya picha ile ile siku nne mfululizo. Mikindani wako wanaotembea kuangalia majengo ya kale na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu hapo, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 kwa rangi za emeli kwenye hadibodi, alizionesha kazi zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Hakuwa na ukumbi. Alikuwa na mahali ambapo mwenye pesa na hamu anapita kila wiki. Ukichagua ukuta, chagua hivyo.

Na chagua kinachofaa ukuta huo. Pwani yetu ina wenye migahawa ambao hawapendi sura za watu au za viumbe ndani ya nyumba yao kwa sababu za dini, na hawana haja ya kujieleza kwako. Wapelekee mashua, milango ya Mikindani, maandishi, minazi. Kinyago cha shetani chenye macho manne kina mahali pake, na mahali penyewe si juu ya meza ya futari.

Kikao kina watu watano. Sita, kama mtu kaja na mdogo wake.

Utaambiwa nini

Kwenye simu utaambiwa "hongera", "mashallah", "kaka unajua", na vikatuni vya moto. Utaombwa pia "nichoree na mimi", bila neno la bei. Sifa hizo zina kazi yake, hasa kwa aliyeanza juzi na anayehitaji sababu ya kuchora kesho. Lakini hakuna shangazi atakayekuandikia mbele ya watu wote kwamba mkono wa kushoto wa yule bibi harusi umezidi urefu.

Meza inasema kweli bila kukusudia. Mtoto atauliza, "Huyu ni mbuzi au mbwa?", na hapo umepata jibu ambalo usingelipata kwa mwezi mzima mtandaoni. Mvuvi atasimama mbele ya picha yako ya machweo, atainamisha kichwa, atasema, "Kijana, foromali haikai hivyo. Na kusi likivuma, tanga halielemei huko." Mpe kiti. Mwombe akuchoree kwa kidole mchangani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpata popote isipokuwa mahali ambapo watu wa kila aina wanapita.

Ukuta haukuambii kitu. Mwenye hoteli atasema "wanaipenda", na wewe utarudi nyumbani bila kujua wanapenda nini. Kwa anayetaka kujifunza, ukuta ni njia dhaifu kuliko zote. Kwa anayejua tayari anachofanya, kimya hicho hakina hasara.

Kikao ndicho chenye maoni mazito, ila si kila kikao. Nimeona vikao vya aina mbili vikifa: kile cha kusifiana, ambacho baada ya mwezi kila mtu anachoka, na kile cha utani, ambacho mtu mmoja mwenye mdomo huwachekesha wengine kwa kazi ya mwenzao hadi mwenzao harudi. Utani tumelelewa nao na hatuwezi kuuacha mlangoni, lakini mchoro wa mtu mgeni usiwe chakula chake. Kinachosaidia ni utaratibu mdogo. Mwenye kazi anaiweka na kukaa kimya. Wengine wanasema kwanza wanachokiona, kabla ya kusema kama ni kizuri: "naona mtu amekasirika", "naona mvua inakuja". Mwenye kazi akisikia watu wanaona hasira mahali alipochora usingizi, ameshapata somo, na hakuna aliyemtukana. Baada ya hapo ndipo ya ufundi: kivuli kimetoka upande gani, kijani hiki umekichanganya na nini, kwa nini macho yote mawili yametoshana.

Ukitaka kujua thamani ya kukaa karibu na wenzako, mtazame George Lilanga. Alikuwa Mmakonde wa kusini, aliyezaliwa mwaka 1934, akachonga miaka mingi kabla ya kufika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ambako alianza kama mlinzi. Pale alikuwa kati ya watu waliokuwa wakichora, wakichapa na kujaribu vitu, na uchongaji wake ukahamia kwenye karatasi, kwenye ngozi, kwenye rangi. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa kwenye maonesho Washington. Sisemi kila mlinzi atafika Washington. Nasema yale mashetani aliyozoea kuyachonga, yenye midomo mipana, yalikuwa mkononi tayari, na kuwa kati ya wenzake ndiko kulikoyapa njia nyingine ya kutokea.

Mauzo

Simu inauza oda. Mtu anataka sura ya mama yake marehemu, ya bibi harusi, ya mwanafunzi aliyehitimu. Picha ya bahari uliyoichora kwa mapenzi yako huuzika kwa nadra kwa njia hii, kwa sababu mnunuzi hawezi kuigusa. Kwa oda, chukua advansi ya nusu kabla ya penseli kugusa karatasi, hata kwa rafiki. Hasa kwa rafiki.

Meza huleta watazamaji wengi na wanunuzi wachache, na kinachouzika ni kile kinachoingia kwenye begi la basi: kadi, picha za ukubwa wa daftari, vipande vidogo vya batiki, vinyago vya kiganjani. Kazi kubwa ibebe moja tu, ya kuwavuta.

Kalenda ya mazao nayo ina lake la kusema, kuliko kalenda yoyote ya sanaa. Upande wa Lindi pesa ya ufuta huanza kutembea katikati ya mwaka, kwa hiyo Agosti Ngongo unaweza kumkuta mtu wa Ruangwa au Nachingwea ana kitu mfukoni. Mkulima wa korosho wa Tandahimba, Agosti bado anahesabu madeni. Yeye msubiri minada ianze Oktoba. Ukipanga kuuza, kazi zako ziwe tayari Septemba, na hapo ukuta wa mgahawa wa Newala unaweza kukushangaza.

Ukuta kwa kawaida huuza polepole, lakini kwa bei nzuri kuliko meza, maana aliyeizoea picha kwa siku nne hapigi bei sana. Mwenye ukuta atataka chake, na ni haki yake. Kubaliana naye asilimia mapema na uiweke ndani ya bei tangu mwanzo. Chukua mfano: ubao na rangi shilingi 9,000, fremu 11,000, siku mbili za kazi. Ukiandika bei 60,000 na mwenye mgahawa akachukua asilimia 20, yaani 12,000, unabaki na 48,000. Toa 20,000 za vifaa, siku zako mbili zimelipwa 28,000. Je, umeridhika? Kama hapana, panda bei sasa, usije ukamlaumu mwenye mgahawa baadaye.

Kikao hakiuzi. Hata hivyo oda huvuka humo: aliyepata kazi ya kuchora ukuta wa shule ya awali na hana mkono wa wanyama humwita mwenzake mwenye mkono wa wanyama. Tahadhari moja tu. Mara kikao kinapopata jina, mtu atasema msajili kikundi mkaombe ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Ni jambo jema kama mna biashara kweli. Ila siku mnapoanza kuzungumzia marejesho, hakuna tena anayezungumzia kivuli kimetoka upande gani, basi fanyeni mikutano miwili tofauti.

Kazi itarudi ikiwa nzima?

Kwa simu, kazi iko nyumbani salama. Kinachotoka ni sura yake, na hiyo inaweza kuishia kwenye fulana ya mtu Kariakoo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa haki juu ya kazi yako tangu ulipoitengeneza, hata kabla ya kuisajili, lakini siku ya ugomvi ushahidi ndio unaoongea. Hifadhi picha za hatua za kazi, weka tarehe nyuma ya ubao, na kwa zile unazozithamini fika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uzisajili. Sahihi yako iingize ndani ya mchoro, kwenye mzizi wa mti au ubavuni mwa mashua. Ya pembeni hukatwa kwa sekunde moja. Na ukirusha mtandaoni, rusha nakala ndogo, isiyotosha kuchapwa.

Meza ina jua, vumbi, vidole vya watoto na buti la basi. Funga kazi mbili mbili, uso kwa uso, karatasi laini katikati. Mchongaji anayesafiri na mzigo wa mpingo aulize kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu, ya wilaya yake kuhusu kibali. Kizuizi cha barabarani si mahali pa kuanza kueleza kwamba hiki ni kinyago na siyo gogo.

Ukuta, kwa miji yetu ya pwani, ndio unaoharibu kazi taratibu bila mtu kujua. Hewa ya chumvi, unyevu wa mvua za Desemba hadi Aprili, moshi wa jikoni. Karatasi huota kuvu kwa nyuma, na unapoiona mbele imeshachelewa. Emeli kwenye hadibodi huvumilia sana. Batiki isipigwe na jua la dirisha. Rangi ya maji, kama lazima itundikwe, iwe nyuma ya kioo, na ubandike vipande viwili vya mpira wa kandambili nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kisha andikeni karatasi, hata ya daftari: orodha ya kazi, bei, asilimia, itakaa hadi lini, na nani analipa ikipotea au ikiharibika. Saini mbili, nakala mbili. Mwenye hoteli mzuri hatakasirika kuombwa hivyo, na meneja akibadilishwa kesho, karatasi ndiyo itakayokukumbuka.

Kikaoni, angalia chai.

Kwa hali yako

Ukiwa umeanza mwaka huu, na bado unafuta zaidi ya unavyochora, tafuta watu watatu na muanze kikao, hata kama mmoja ni fundi wa mabango na mwingine anashona. Stetasi itumie kwa kujipa moyo, bila kuihesabu kama soko. Meza subiri mwaka mwingine.

Ukiwa na mkono wa sura za watu, simu inakufaa kuliko chochote kilichotajwa hapa. Weka kazi tano bora, bei ikiwa wazi, na namna ya kulipa advansi. Kikao kitakusaidia kwenye macho na midomo, ambako ndiko wateja hulalamikia.

Ukiwa na kazi nyingi zilizokamilika na hutaki maneno mengi na watu, chukua ukuta mmoja wa hoteli au mgahawa unaopitiwa na wageni wa kazi, kazi nne tu, na uzibadilishe kila baada ya miezi mitatu. Aibu haina shida hapo. Picha itasimama peke yake.

Mwenye batiki au vinyago vidogo, au mkono unaofurahi kutazamwa ukifanya kazi, huyo ni mtu wa meza. Kwa Ngongo aanzie kwa halmashauri. Kwa matamasha ya Mtwara aulize tarehe kwa afisa utamaduni kabla ya kununua hata brashi, na awe na chenji.

Mtumishi mwenye kazi ya ofisini, ambaye jioni zake ni chache, achague kati ya simu na ukuta, asichukue vyote. Oda za simu zina tarehe, na mteja wa harusi haahirishi harusi. Kama huwezi kuahidi tarehe, ukuta ni mwema zaidi kwako.

Na kama uko Liwale, Nanyumbu au kijiji cha Tandahimba, mbali na hoteli na maonesho yote, bado kuna ukuta uliousahau: wa shule. Nenda kwa mwalimu mkuu, ujitolee kuchora ramani ya Tanzania, mwili wa binadamu au wanyama kwenye ukuta wa darasa, yeye atafute rangi. Utaonwa na watoto na wazazi wote wa kijiji, utakosolewa na walimu, na mara nyingi oda ya kwanza hutoka kwa mzazi mwenye duka. Nenda na mchoro mdogo wa rangi kwenye karatasi, kwa sababu mwalimu mkuu atalazimika kuipelekea kamati ya shule, na kamati hutaka kuona kwanza.